Pumzi Haikopwi

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya walimu na wanafunzi wote.)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya afya na michezo. Nikaona mada hiyo ni pana mno kwa mtu aliyepewa nusu saa tu kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo moja ambalo liko mezani kwa Mkuu wa Shule wiki hii. Vijana 24 wameandika barua kuomba waende Morogoro kwa baiskeli wakati wa mapumziko ya Pasaka, kwa siku mbili, ili wachangishe fedha za tangi la maji ya mvua la bweni. Sisi tuliopanga foleni ya ndoo bombani usiku wa manane hatuhitaji kuelezwa faida ya tangi hilo.

Naunga mkono safari hiyo kwa moyo wote. Lakini nimekuja kuwaomba vijana wakubali mabadiliko mawili. La kwanza, msiende Pasaka, nendeni Juni. La pili, msitumie siku mbili, tumieni siku tatu. Leo ni mwanzo wa Februari. Kutoka sasa hadi Pasaka hakuna muda wa kutosha kuutayarisha mwili wa kijana ambaye leo huendesha baiskeli kwenda sokoni na kurudi. Hadi Juni muda upo. Fedha mnaweza kukopa, baiskeli mnaweza kuazima, lakini pumzi haikopwi wala haiazimwi. Kila mtu huitengeneza yake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa majuma mengi.

Sisemi hivi kwa kusoma vitabu tu. Nilipomaliza hapa mwaka 1974 nilisomea mifugo, na baadaye nikafanya kazi ya ubwana mifugo vijijini kwa miaka mingi. Gari la ofisi lilikuwa moja na mara nyingi lilikuwa juu ya mawe. Usafiri wetu ulikuwa baiskeli, Phoenix ya Kichina au Swala iliyotengenezwa kwetu Dar es Salaam, na nyuma kwenye keria kuna sanduku la dawa za chanjo. Nchi hii nimeipima kwa pedeli.

NCHI TUNAYOENDESHEA

Kijana mmoja ameniambia, "Mzee, Dodoma iko juu na Morogoro iko chini, kwa hiyo safari yote ni mteremko." Amesoma ramani vizuri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Morogoro iko kiasi cha mita 500. Lakini ramani ya ukutani haionyeshi upepo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hasa kiangazi, upepo wa uwanda wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Mtu anayetoka Dodoma kwenda Morogoro anaupokea usoni. Na upepo una hesabu yake. Mwendo wako katika hewa ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Ndiyo maana kijana mwenye nguvu anayetaka kuushinda upepo kwa kukaza hujikuta amechoka kabla ya Chamwino, na yule anayekubali kwenda polepole humpita akiwa amekaa chini ya mti.

Tena, mteremko wenyewe haukunyooka. Barabara inapokaribia Gairo na inapopita hapo ina vilima vya kupanda na kushuka, na hapo ni katikati ya safari, miguu imekwisha choka. Ukishuka kwenda Dumila unaingia nchi ya chini yenye joto zaidi. Safari nzima ni kiasi cha kilomita 260. Kwa baiskeli isiyo na giya, mwendo wa kilomita 15 hadi 17 kwa saa ni mwendo mzuri. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa siku mbili mtakaa juu ya baiskeli saa nane na zaidi kila siku, na baadhi ya saa hizo zitakuwa za jua la utosini.

WALIOTUTANGULIA KATIKA NJIA HII

Vijana wasidhani kwamba swali la kuvuka nchi hii ni jipya. Kabla ya reli ya kati kufika, misafara kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Kati ya Chunyo, karibu na Mpwapwa, na vijiji vya kwanza vya Ugogo, kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, takriban kilomita 50 bila maji ya kunywa. Mbele ya Ugogo, upande wa magharibi, kulikuwa na nyika nyingine, Mgunda Mkali.

Je, wapagazi walizivukaje? Hawakuzivuka kwa mbio. Walikuwa na utaratibu waliouita tirikeza. Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871 wote waliuandika katika vitabu vyao. Asubuhi walikaa kwenye maji, wakapika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Jua lilipopinda, mchana, ndipo walipoondoka. Walikwenda mpaka jioni au usiku, wakalala porini bila kisima, na alfajiri wakaondoka tena ili wafike kwenye maji kabla jua halijakuwa kali. Kwa njia hiyo nyika waliigawa mara mbili, na katikati wakaweka usiku wa baridi.

Hiyo ndiyo elimu ya uwanda wetu, nayo haijapitwa na wakati. Nguvu ya mtu wa safari ndefu hupimwa kwa jinsi anavyogawa maji, jua na pumzi yake hadi mwisho wa njia. Saa ya kwanza haimpimi mtu.

JINSI MWILI UNAVYOJENGWA

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mtu akiendesha baiskeli mara kwa mara, mambo manne hubadilika. Moyo hupata nguvu, ukawa unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Damu yenyewe huongezeka majimaji, nayo husaidia kupooza mwili. Katika misuli ya miguu huota vishipa vidogo vingi zaidi vya kuleta hewa ya oksijeni. Na ndani ya chembe za misuli, vile viwanda vidogo ambavyo mwalimu wa biolojia anaviita mitokondria huongezeka kwa idadi na kwa ukubwa.

Mabadiliko ya damu huanza mapema, katika siku chache. Moyo, vishipa na mitokondria huhitaji wiki nyingi. Kano na viungo vya magoti ndivyo huchelewa kuliko vyote. Hapa ndipo vijana wengi huumia. Baada ya wiki tatu kijana anajisikia ana pumzi nyingi, anaongeza mwendo na masafa kwa pamoja, na goti ambalo halijawa tayari linakataa.

Jambo la pili ni hili. Kazi yenyewe haimjengi mtu. Kazi hubomoa kidogo, na mapumziko hujenga upya na kuongeza. Mwanafunzi anayeendesha kilomita 40 halafu akakesha usiku kucha amelipa gharama bila kupokea bidhaa. Kwa umri wenu usingizi wa saa nane ni sehemu ya mazoezi, wala msione haya kuutetea.

Jambo la tatu ni mwendo wa mazoezi. Watu wengi hudhani kila zoezi lazima limalize mtu. Sivyo. Katika kila safari tano za mazoezi, nne ziwe za mwendo wa mazungumzo, yaani mwendo ambao unaweza kumweleza mwenzako habari nzima kwa sentensi kamili bila kuhema. Ukianza kukata maneno, umezidisha. Mwendo huu wa polepole ndio unaofundisha mwili kutumia mafuta yake kama kuni, na mafuta tunayo mengi hata sisi wembamba. Akiba ya wanga iliyo katika misuli na ini ni ndogo. Kwa mwendo mkali huisha katika saa moja na nusu au mbili, na ikiisha miguu huwa kama imetiwa saruji. Safari ya tano ndiyo iwe ya kukaza, kwa vipindi vifupi: dakika nne za nguvu, dakika nne za kupoa, mara nne au tano, kisha nyumbani.

RATIBA YA WIKI 16

Nimeiandika ratiba nami nitaiacha kwa mwalimu wa michezo. Maelezo yake ni haya.

Kila wiki mna safari tatu. Mbili ni fupi, Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, kilomita 15 kila moja kwa kuanzia, na polepole zifike 25. Ya tatu ni safari ndefu ya Jumamosi. Wiki ya kwanza safari ndefu iwe kilomita 25, ya pili 30, ya tatu 35, na ya nne mrudi chini hadi 20. Wiki ya tano 40, ya sita 45, ya saba 50, na ya nane mrudi 30. Wiki ya tisa 60, ya kumi 70, ya kumi na moja 80, na ya kumi na mbili mrudi 45. Wiki ya kumi na tatu 85, ya kumi na nne 90. Wiki ya kumi na tano mwende siku mbili mfululizo, kilomita 80 Jumamosi na 60 Jumapili, ili miguu ijue maana ya kuamka imechoka na kwenda tena. Wiki ya mwisho ni safari fupi fupi tu, kula vizuri na kulala.

Mtaona kila wiki ya nne mzigo unapungua. Msiione kuwa wiki ya uvivu. Ni wiki ya mwili kukusanya faida ya wiki tatu zilizopita. Anayeiruka huja kuilipia baadaye, tena kwa riba. Aliyeugua malaria au homa nyingine asijaribu kufidia wiki alizokosa kwa kukimbiza. Arudi nyuma wiki mbili katika ratiba na aanze hapo kwa ruhusa ya mganga.

Njia ya mazoezi mnayo mlangoni. Kwenda Ihumwa na kurudi ni kama kilomita 30. Kwenda Buigiri na kurudi ni kama 70. Njia hizo ni za mashariki, kwa hiyo mtaondoka mkiukabili upepo mkiwa na nguvu, na mtarudi mkisukumwa nao mkiwa mmechoka. Fanyeni hivyo siku zote. Anayeanza kwa kusukumwa na upepo hujiona shujaa hadi anapogeuza baiskeli kurudi. Na mazoezi ya Februari na Machi yatakuwa ya mvua. Ikinyesha kubwa au radi ikipiga, acheni, ingieni ndani. Hakuna tangi la maji linalostahili kufa kwa radi.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nasi tulio katika nchi ya Wagogo tusisahau shoka lenyewe, yaani kurudia.

CHAKULA NA MAJI

Chakula cha safari ndefu hakihitaji kutoka dukani katika makaratasi yanayong'aa. Jioni ya kabla ya safari kuleni ugali wa kutosha na maharage. Asubuhi uji mzito wenye sukari na karanga, saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Njiani, baada ya saa ya kwanza, kila saa mtu ale kitu cha wanga, kama ndizi mbivu mbili, au kipande kizuri cha kiazi kitamu kilichochemshwa, au chapati. Msingoje njaa, maana njaa ikishakuja imechelewa kutoa habari. Ubuyu wetu wa Dodoma, ukikorogwa na maji na sukari, ni kinywaji kizuri chenye vitamini C nyingi, na mdomo hauuchoki upesi.

Maji, kwa jua letu, ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kwa mafunda madogo madogo. Kila mtu awe na chupa mbili kwenye baiskeli yake. Jasho hubeba chumvi, kwa hiyo chupa moja iwe ya maji matupu na ya pili iwe ya maji yenye sukari na chumvi, kama tunavyowapa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Wala msiende upande wa pili mkanywa lita kwa lita kwa hofu. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo humwangusha mtu, na yamewahi kuua wakimbiaji katika nchi zenye madaktari kila kona.

JUA SI LA KUONEWA HAYA

Mwaka 1976 nilikuwa na mwenzangu kazini, kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni pwani. Siku moja ya Oktoba alibishana na wenzake kwamba angetoka Bahi na kufika mjini bila kushuka kwenye baiskeli. Akaondoka saa tano asubuhi. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi ndio waliomkuta chini ya mbuyu, baiskeli iko upande mmoja na yeye upande mwingine. Ngozi ilikuwa ya moto, na alikuwa akizungumza maneno yasiyoeleweka. Watoto wale hawakuwa wamesoma huduma ya kwanza. Walimwagia maji yao ya kunywa, wakampepea kwa matawi, mmoja akakimbia barabarani kusimamisha lori. Alipona. Lakini miezi mingi baadaye alikuwa bado hawezi kufanya kazi ya jua, na daktari alituambia kwamba maji ya wale wachungaji ndiyo yaliyomwokoa.

Nimeyaeleza haya ili kila kijana hapa ajue dalili. Mtu akianza kuyumba, akijibu ovyo, akiona kizunguzungu, akitapika au akihisi baridi katikati ya jua, safari imekwisha kwake siku hiyo. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mloweni maji mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, na gari limpeleke hospitali huku mkiendelea kumpoza. Msimpe kitu kinywani kama fahamu zake zimepotea. Na yeyote atakayemcheka mwenzake kwa kupanda gari, nashauri yeye mwenyewe aondolewe katika msafara.

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ndani ya joto hilo. Wale wanaotoka Lushoto, Njombe au Mbeya wawe waangalifu zaidi kila wanaporudi kutoka likizo. Lakini kuzoea hakumfanyi mtu kuwa chuma. Ndiyo maana nasema tufuate wapagazi. Siku za safari ondokeni saa 12 na nusu asubuhi, mara tu barabara inapoonekana. Saa 5 mkae kivulini, mle, mlale kidogo. Saa 9 na nusu alasiri mwondoke tena, na kabla ya giza muwe mmefika. Kwa siku tatu inawezekana bila haraka. Siku ya kwanza mlale Kibaigwa, kiasi cha kilomita 90. Siku ya pili, ndiyo ngumu, mpite Gairo na mlale Dumila. Siku ya tatu mwingie Morogoro mapema, na nguvu za kusalimiana na watu mnazo.

BAISKELI NA BARABARA

Kwanza urefu wa kiti. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiendesha utatumia sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Magoti mengi yanayouma huku kwetu ni ya viti vilivyo chini mno.

Pili, miiba. Uwanda wetu una mbigiri na miiba ya migunga inayopita tairi kama sindano. Kila mmoja ajifunze kuziba pancha mwenyewe kabla ya mwisho wa Machi, na kila watu wanne wawe na pampu, viraka, gundi na mpira wa ndani wa akiba. Fundi wa mjini hatakuwa Pandambili mnapomhitaji. Cheni itiwe mafuta, breki zikamate zote mbili, spoki zilizolegea zikazwe.

Tatu, kwendeni kwa makundi ya wanne, mmoja nyuma ya mwingine. Anayekwenda nyuma ya mwenzake hupunguziwa sehemu kubwa ya kazi ya upepo. Basi wa mbele abadilishwe kila dakika tano, na mwenye nguvu zaidi akae mbele muda mrefu zaidi bila kuongeza mwendo. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu. Wa mbele atangaze mashimo kwa sauti, wa nyuma atangaze magari.

Nne, na hili halina mjadala: barabara ya Morogoro ni njia ya mabasi na ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Kila mtu avae kofia ngumu na fulana ya rangi inayong'aa. Hakuna kuendesha usiku, hakuna kushika lori kwenye mlima, hakuna kwenda wawili sambamba. Gari la shule lifuate nyuma na maji, dawa na mwalimu. Polisi wa usalama barabarani wapewe habari mapema.

MIFANO TULIYO NAYO

Vijana hupenda kuuliza, "Nani wa kwetu amefanya hivi?" Wapo. Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa siku kadhaa, kwenye mkutano wa TANU. Alikuwa na miaka 45. Tangu mwaka 2019 waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wamekuwa wakisafiri kutoka Dar es Salaam hadi kijijini kwake kwa kumbukumbu ya tarehe 14 Oktoba, na wengi wao ni watu wa kazi za kawaida. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Mchezo huu umekwisha kufika nyumbani kwa jirani.

Lakini mfano wangu mkubwa ni wa mkimbiaji, kwa sababu ni mtoto wa Dodoma. Juma Ikangaa alizaliwa hapa mwaka 1957. Katika mbio ndefu za Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, akipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Akawa wa pili tena mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Mtu mwingine angeona amefedheheka. Ikangaa, kati ya hizo mbio za pili na za tatu, alikwenda New York Novemba 1989 akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao haukuwahi kufikiwa kabla katika mbio za mji ule. Kumbukeni jambo hili. Sekunde ile moja ya Boston haikumtoa katika mazoezi yake, wala ushindi wa New York haukumpa ruhusa ya kuyaacha.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba nitoe mapendekezo yangu ili mkutano uyaamue. Kwanza, safari isogezwe hadi mapumziko ya Juni na iwe ya siku tatu. Pili, asiende kijana yeyote ambaye hajamaliza safari ya kilomita 90 ya wiki ya kumi na nne, hata kama ni mtoto wa mmoja wetu, hata kama ndiye aliyeandika barua. Tatu, kila kijana apimwe na mganga kabla ya kuanza mazoezi. Nne, sisi wa zamani tununue kofia ngumu 24 na matairi ya akiba. Mimi nimekwisha lipia kofia nne, na Mweka Hazina ana stakabadhi.

Kwa vijana nina neno moja la mwisho. Najua Juni inaonekana mbali, na mmekwisha waambia wenzenu kwamba mtaondoka Pasaka. Lakini tangi la maji hujazwa na mvua nyingi, si na tone moja kubwa. Mkianza Jumanne ijayo kwa kilomita 15 tu, mtakuwa mmekwisha anza safari ya Morogoro. Jumamosi ya wiki ya kumi nitakuwa Buigiri, mwende mkanikute hapo. Nitakuja kwa Phoenix yangu, na sitamngoja mtu.